Waache Wakubishie

Mwanangu, niliposikia umepata chuo na unakwenda kusoma uchumi wa kilimo, nilicheka peke yangu hapa jikoni. Niliikumbuka Jumapili moja kule kwetu Lufingo, nami nikiwa msichana wa chuo, likizo ya mwaka wa pili, kichwa kimejaa maneno.

Ulikuwa msimu wa kuvuna viazi. Mnunuzi wa mjini alikuwa akitaka lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka pomoni, kisha linaongezewa viazi vingine juu na kufungwa kwa kamba, halafu linalipiwa kama gunia la kawaida. Gari lake lilikuwa linakuja Jumanne. Niliona wazi kwamba tukikataa sote atanunua bila nyongeza, lakini akikubali mmoja tu, tumekwisha.

Basi nikamwomba mchungaji nafasi baada ya ibada. Weee! Nilimwaga mnyororo wa thamani, nguvu ya soko, mlaji wa mwisho, ilimradi nisibakize kitu. Makofi yakapigwa. Mzee Ambakisye, jirani yetu, akanishika mkono: "Ndaga fijo, asante sana mwanangu. Unaongea kama redio!" Nikarudi nyumbani natembea kwa madaha.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata uso.

"Atu, pale ulikuwa unaongea na mwalimu wako. Naye hakuwepo."

"Mbona watu wamepiga makofi, mama?"

"Hata mimi nimepiga. Si mwanangu? Ila sijaelewa kitu, na keshokutwa watafunga lumbesa kama kawaida."

Iliniuma, sikufichi. Hata ndizi zile sikuzimaliza, na mimi kwa ndizi unanijua.

Kesho yake nikavaa mabuti, nikaenda kusaidia kuchimba viazi shambani kwa Mzee Ambakisye, pamoja na majirani. Tukiwa tumeinama, nikasema tu, "Baba, vile viazi vya juu tunampa bure. Tukishona magunia sote bila nyongeza, gari lake atalijaza nini?"

Mzee akainuka. "Nikikataa mimi, jirani akakubali? Viazi vyangu vikioza, utavila wewe?"

Kabla sijafungua mdomo, "Jirani yupi, mimi?" akadakia mama mmoja kutoka tuta la pili, na hapo ubishi ukawaka shamba zima. Walinibishia, wakabishana wao kwa wao, wakataniana mpaka viazi vikasahaulika. Mwisho wakakubaliana magunia yote yashonwe uwanjani pa kanisa, kila mtu aone la mwenzake.

Jumanne mnunuzi akayazunguka yale magunia, akafoka, akawasha gari akaondoka. Mama alinibana mkono mpaka ukauma, lakini hakuna aliyemkimbilia. Kabla ya jioni akarudi na gari tupu, akapakia bila kutusemesha. Tulicheka sana siku ile.

Sasa nisikilize, mwanangu. Soma kwa bidii, maneno ya chuoni uyajue yote, yana kazi yake. Lakini ukirudi kwenu ukasema jambo, na watu wakaitikia kwa upole na kukusifu, ujue hujawafikia bado. Lirudie kwa namna nyingine, mpaka mzee mmoja akasirike akuulize swali lisilo na majibu kwenye daftari lako. Huyo amekusikia. Kaa naye.

Nenda salama. Mungu akupe walimu wazuri, na ukirudi akupe watu wanaokupenda kiasi cha kukubishia.