Kitini cha Koko Kwenye Kopo la Maziwa

Enzi zetu mmea wa nyumbani haukununuliwa dukani pamoja na chungu chake cha kung'aa. Ulipewa, tena ulipewa na mtu aliyekujua vizuri, na ole wako ukufie mkononi! Nyinyi mliokulia kama mimi kwenye chumba kimoja, kitanda huku, sufuria kule, nguo zimetundikwa kwenye misumari, mtanielewa nikisema kwamba kwetu palikuwa na nafasi ya kitu kimoja tu kisicholiwa wala kuvaliwa. Kitu hicho kilikuwa kitini.

Jina hilo alilitoa Koko. Koko ni bibi kwa Kikomori, lugha tuliyoisema nyumbani. Uani tulisema Kimalagasi, na darasani Kifaransa cha kupigwa rula kwenye vidole. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata ukubwani kwa mume wangu, aliyelelewa Unguja. Basi kitini kilikuwa mtini mdogo, majani yake membamba, mazito, ya kung'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na kilikubali kuishi miaka na miaka ndani ya kopo la maziwa bila kufika kimo cha goti. Tulipokuwa chuoni tukisoma ile sura inayotaja tini, tunayumba mbele na nyuma, mimi niliamini kabisa kwamba kilichotajwa ni kile cha Koko kilichokaa dirishani kwake Mangarivotra, mtaa wetu pale mjini Mahajanga. Nilimwambia hata mwalimu. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, na mimi nikaona hajasoma vya kutosha.

Kwetu sisi wenye asili ya Komori nyumba ni ya mwanamke. Mama humpa binti, binti naye humpa wake. Tatizo la Koko lilikuwa moja: nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vya bati, na wajukuu wa kike tulikuwa watano. Kwa hiyo alijitungia desturi yake. Kila mjukuu wa kike akihama, anakatiwa tawi la kitini. "Nyumba sina ya kukugawia," alikuwa akisema, "lakini hiki kimekaa kwangu miaka mingi kuliko mtu yeyote. Kikiwa kwako, uko kwangu."

Zamu yangu ilifika nilipokuwa na miaka tisa. Mwaka ule tuliohama Mahajanga ulikuwa mbaya sana kwa watu wa asili yetu, na sitaki kuueleza hapa. Inatosha kusema kwamba Baba alipata kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Dzamandzar, kisiwani Nosy Be, na sote tukaondoka isipokuwa Koko. Mama yake alikuwa Msakalava, mwenyeji wa pwani ile, naye mwenyewe alizaliwa pale pale, na alisema hahamishwi na mtu.

Tulikuwa tunahamia chumba kimoja, basi akasema tawi ni moja, langu, na dada zangu watakatiwa yao wakiolewa. Lo, jinsi alivyochagua lile tawi! Alinisimamisha dirishani asubuhi nzima. Hakutaka tawi refu, hata likiwa zuri namna gani. "Tazama vifundo," akaniambia. "Vikikaribiana, mti utabaki mfupi na kushiba majani. Vikiachana, utakuwa mrefu, mwembamba, hauna haya." Akageuza kila jani kutazama mgongo wake, asije akanipa vile vidudu vyeupe vinavyofanana na pamba. Akakata chini ya kifundo, utomvu mweupe ukachuruzika, akauosha kwa maji mpaka ukakoma. Kopo likatobolewa chini kwa msumari matundu matano, moja kwa kila mjukuu. Kisha akanishika kidevu. "Fatuma. Maji ya kuoshea mchele, mara moja kwa wiki. Kikae mahali pamoja. Miwa itakapoanza kusagwa mwakani nitakuja mwenyewe kukitazama. Kikikufia, sikupi cha pili."

Sijawahi kushika kitu kwa mikono miwili namna ile. Nilikipakata melini safari nzima, na dada zangu walikuwa wakiniita mama wa kopo.

Dzamandzar jamani! Hewa yenyewe ilikuwa tamu. Upande mmoja kiwanda kinachemsha miwa, upande mwingine upepo unaleta harufu ya milangilangi iliyochanua, na sisi watoto katikati, miguu peku, tunakimbia sambamba na kigari-moshi cha miwa tukichomoa muwa mmoja mmoja huku nyuma. Tulitafuna mpaka pembe za midomo zikachubuka. Tukirudi, Mama ametukaangia mikate ya ngano na nazi, na chini ya sufuria ya wali kuna ukoko unaochemshiwa maji, tunakunywa ya moto, tunatokwa jasho, tunafurahi. Watoto wa leo ukiwapa maji ya ukoko wanakuuliza kama umesahau kuosha sufuria.

Chumba chetu kilikuwa kwenye safu ya nyumba za wafanyakazi, dirisha moja tu, likitazama mashariki. Kitini kikawekwa hapo. Wiki mbili za kwanza kikadondosha majani manne, nikalia, lakini kikatulia. Kikatoa jani jipya, jekundu kidogo kwenye ncha, limejikunja. Kila asubuhi nilikwenda kulitazama kabla ya kunawa uso. Siku lilipojikunjua niliwaamsha watu wote chumbani, na Baba, aliyekuwa ametoka zamu, akanirushia ndala.

Sasa hapa ndipo akili yangu iliponidanganya. Kila mtu Dzamandzar alijua kinachonenepesha vitu. Ng'ombe walipewa molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa, na wakanawiri. Hata sisi watoto tuliulamba vidoleni. Nikajiuliza: kama kitini kinakua kwa maji ya mchele tu, kwa molasi kitakuwaje? Koko atakapokuja atakikuta kinang'aa kama kioo! Nikaiba kikombe kimoja, nikamimina. Wiki iliyofuata nikamimina kingine.

Sisimizi walikuja kwa mstari kutoka uani, wakapanda ukutani, wakaingia dirishani, wakapiga kambi ndani ya kopo. Halafu wakagundua kitanda. Mama aliamka akijikuna akasema nyumba hii ina wazimu. Udongo ukachacha, ukanuka kama pombe, na majani yakaanza kuwa ya manjano, yakapukutika moja baada ya jingine. Kwa hofu nikakihamisha karibu na mlango. Kikapukutisha zaidi. Nikakirudisha dirishani, nikakipeleka uani, nikakiingiza chini ya kitanda. Kila nilipokihamisha kilizidi kuvuliwa nguo. Mwishowe kikabaki kijiti cha kahawia na majani mawili.

Siku hiyo hiyo ikaja habari kwamba Koko ameshapanda meli ya mizigo na keshokutwa atashuka Hell-Ville, bandari ya kisiwa chetu.

Furaha niliyokuwa nayo na hofu niliyokuwa nayo, sikujua ipi ni ipi. Mwaka mzima sikumwona Koko! Nilitaka aje, na nilitaka meli ichelewe. Kikikufia, sikupi cha pili. Maneno hayo nilikuwa nikiyasikia hata nikitafuna muwa. Basi nikafanya lililonijia. Nyuma ya ukuta wa kiwanda palikuwa na mche wa mtini wa pori uliojiotea kwenye ufa. Si ule mkubwa uliofungwa kitambaa chekundu na cheupe, maana ule ni fady, mwiko, na jirani yetu Mama Soa angenikamata masikio yote mawili. Nikachuma majani ishirini kwenye huo wa ukutani. Nikachukua sindano ya Mama na uzi wa kijani aliouweka kwa ajili ya kofia ya Baba. Nikashona. Jani, fundo. Jani, fundo. Mama Soa akapita dirishani na ndoo yake, akasimama, akanisalimu kwa Kimalagasi.

"Mbola tsara, Fatuma. Unashona nini, mti?"

"Ndiyo, mama."

Akatazama, akatikisa kichwa. "Mimi mti wangu nikiuona una baridi nauvisha shati," akasema, akaenda zake. Nilimwona nje mabega yakimtikisika.

Koko alifika saa nne asubuhi, amejifunga leso mbili, uso umesawijika. Alikuwa ametapika siku mbili mfululizo. Tukamlaki sote. "Kwezi, Koko!" tukamwamkia kwa heshima kwa Kikomori. "Mbona," akaitikia, kama inavyoitikiwa. Hakukaa. Hakunywa hata maji. Akauliza, "Kiko wapi?"

Nikamwonyesha dirishani. Kwa mbali kilipendeza, wallahi, hata Mama alishangaa. Koko akachovya pembe ya leso kwenye maji, akaanza kulipangusa jani moja moja, juu na chini, kama alivyokuwa akifanya kwake. La kwanza. La pili. La tatu likabaki mkononi mwake, na uzi unaning'inia.

Akautazama uzi. Akanitazama mimi. Nikafumba macho nikingoja kofi.

Nilichosikia ni kicheko. Koko alicheka mpaka akakaa sakafuni na uchovu wake wote wa safari, akijipiga mapaja, "Kashona! Mtoto kashona mti!" Mama akaanza, dada zangu wakaanza, na mimi nikalia kwa sauti, kwa sababu niliona wanacheka na kitini changu kimekufa na sitapewa kingine. Koko akanivuta akaniketisha kando yake. Akachukua kidole changu mwenyewe, akakwaruza nacho ganda la kile kijiti.

Chini yake palikuwa kijani. Kijani kibichi, cha maji!

"Kingali hai," akasema. "Kimekasirika tu. Umekilisha utamu na umekihamishahamisha. Mti huu unaweza kuishi penye nafasi ndogo kuliko ya paka, lakini hautaki kuhama kila siku." Akanipangusa machozi kwa pembe ya leso. "Hata watu hawataki."

Tukafanya kazi mchana kutwa. Tukakitoa koponi, tukaiosha mizizi kwenye ndoo, tukakata iliyooza. Udongo mpya ukachanganywa na mchanga na makapi ya miwa yaliyooza zamani, ili maji yapite yasituame. Kijiti kikakatwa nusu. Mimi nikapiga kelele, Koko akasema ukikata juu kitachipua ubavuni, na ndivyo kinavyobaki kifupi. Akanifundisha kuchomeka kidole kwenye udongo kabla ya kumwagilia: pakiwa pabichi, uondoke. Alikaa kwetu wiki sita. Wiki ya tano vichipukizi vitatu vikatokea, vyekundu, vidogo kama meno ya panya, nami nikakimbia safu nzima ya nyumba nikiita watu waje kuona. Mama Soa alikuja na akakiletea shati kuukuu la mtoto. Tulicheka mpaka jioni.

Koko alifariki miaka mingi baadaye, na vyumba vile viwili vya Mangarivotra vikavunjwa. Vitini vya dada zangu na binamu yangu vilikufa kimoja kimoja, kwa ukame, kwa mbuzi, kwa kusahauliwa. Changu kingalipo, nacho hapa kisiwani. Kiwanda kimefungwa, kigari-moshi hakipo, na ufukwe wa Ambatoloaka, tulikokwenda kuokota kombe, sasa ni hoteli tupu, na kila hoteli ina mtini mkubwa mlangoni kwenye chungu kisicho na tundu chini. Nikipita huwa natamani kuingiza kidole kwenye udongo wao.

Mwaka juzi mjukuu wangu Nadia na wazazi wake walihamia kwenye nyumba ndogo Mahajanga, na huwezi kuamini, ni Mangarivotra! Nilikaribia kuruka. Nikachagua tawi la vifundo vilivyokaribiana, nikageuza majani, nikatoboa kopo, nikampa na masharti yote. Ana miaka kumi na minne na anajua kila kitu. Aliniambia kuna programu kwenye simu inayokumbusha kumwagilia. Nikamwambia mimi nina kidole.

Akaahidi kunitumia picha kila asubuhi, na alituma. Kitini dirishani, majani kumi na moja, jua zuri. Kila asubuhi niliitazama kabla ya kunawa uso. Ilinichukua mwezi mzima kuona kwamba pazia lile nyuma lilikuwa na mkunjo ule ule kila siku, na nzi yule yule.

Nilipanda meli bila kumwambia mtu. Nilitapika vilevile kama Koko, damu haipotei. Nadia alipofungua mlango akanitazama, akatazama dirishani, machozi yakamjaa kabla sijasema neno. Kijiti cha kahawia, jani moja. Alikuwa akikihamisha kila wiki akitafuta mwanga mzuri wa picha, na majani yalipoanza kudondoka akawa ananirudishia ile ile ya zamani.

"Koko, nilikuwa naogopa kukuambia," akasema.

Nikacheka mpaka nikakaa sakafuni, na yeye hakuelewa kwa nini. Nikamvuta kando yangu, nikamshika kidole, tukakwaruza pamoja. Aliponyanyua uso macho yalikuwa yamemtoka. "Ni kijani! Koko, ni kijani!" Akaikimbilia simu akipige picha, kisha akairudisha mezani, akaendelea kukitazama tu.

Enzi zetu hatukuwa na picha za kila asubuhi. Mtu akitaka kujua hali yako ilimbidi avuke bahari, na kwa hiyo alikuja mara chache, lakini alikuja. Mimi nilikitazama kitini cha mtoto yule kila siku mwezi mzima, na sikujua kwamba analia.

Siku ya kuondoka Nadia aliniuliza, "Nikutumie picha?" Nikamwambia hapana, miwa ikikomaa nitakuja mwenyewe kukitazama. Hakuna anayesaga miwa Dzamandzar siku hizi, lakini alinielewa. Na maneno yaliponitoka mdomoni ndipo nilipojua, mwanamke mzima mimi, kwamba Koko hakutapika siku mbili baharini kwa ajili ya mti.