Nilimwandikia Mzee Barasa Ripoti ya Kweli, na Ndiyo Ilimfuta Kazi

Admin, nifiche tafadhali, kwa sababu niko na wafanyakazi wenzangu wengi kwa hii page. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 34. Kwetu ni Kanduyi lakini nafanya kazi huku Kitale, kwa kampuni moja ya mbegu za mahindi. Wengine hapa wataandika kuhusu mabwana na wakwe. Yangu ni ya kazi, lakini imeninyima amani kama msiba.

Nilipoanza hii kazi nilifundishwa na mzee mmoja mtu wa Bumula, nitamwita Mzee Barasa. Kazi yetu ilikuwa kutembelea wakulima wanaotupandia mbegu. Kwa shamba la mbegu kuna mistari ambayo lazima ing'olewe maua ya juu kabla hayajamwaga unga, la sivyo mbegu inachanganyika na mavuno yote yanakataliwa. Mzee Barasa alikuwa anaingia shambani mstari kwa mstari. Akikuta maua yamebaki, anavua koti anang'oa pamoja na wenye shamba. Mimi nilimwita Papa, yeye akiniita Mayi, vile kwetu mzee humwita binti yake.

Miaka miwili iliyopita bosi akaleta mfumo wa kutupima. Kila afisa alipewa simu. Ukifika kwa mkulima unabonyeza, simu inaonyesha mahali uko, na kwa siku lazima ufikie wakulima wanane. Mimi nikapandishwa cheo nisimamie huo mfumo. Kila Jumatatu nilikuwa nabandika majina ukutani, waliofikisha kwa kijani, walioshindwa kwa nyekundu. Alama zangu zilitokana na zao.

Haikupita mwezi vijana wakajua ujanja. Siku moja nilimkuta afisa wangu juu ya pikipiki, hata hajazima injini, anabonyeza akiwa barabarani. Nikamuuliza, "Sasa shamba umeliona saa ngapi?" Akacheka, "Madam, si simu imesema nimefika?" Na mimi nikacheka. Ningemripoti, kijani changu kingeisha.

Mzee Barasa alikuwa anafikisha watatu, akijikaza wanne. Nilimwita kando nikamwambia, "Papa, wewe bonyeza tu ukiwa kwa geti, uende mbele." Akaniangalia. "Mayi, nikibonyeza nimesema nimeona. Sasa nimeona nini hapo kwa geti?" Badala ya kuona aibu nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mzee ananiharibia.

Kandarasi za maafisa zilipoisha, bosi alitaka niandike maoni kuhusu kila mtu. Ya Mzee Barasa niliandika hivi: "Ameshindwa kufikia malengo mara kwa mara. Haendani na mfumo." Hakuna neno la uongo hapo. Lakini nilijua kwa nini anashindwa, nikajua pia wenzake wanafaulu vipi, na hayo sikuyaandika.

Bosi akanituma mimi nimpelekee barua ya kumfuta. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kitu cha kwanza alisema ni, "Atakayekuja mwambie yule mama wa shamba la chini hasikii vizuri, aongee kwa sauti." Halafu akanishika mkono. "Najua ulinitetea, Mayi. Mungu akubariki." Nikamjibu, "Nilijaribu, Papa."

Nilijaribu! Nimejiuliza mara nyingi hilo neno lilitoka wapi.

Msimu uliofuata mbegu za wakulima tisa wa upande wake zilikataliwa. Zilikuwa zimechanganyika. Yule mama asiyesikia alikuja ofisini na binti yake, akauliza, "Yule mzee mlimpeleka wapi? Yeye alikuwa anaingia ndani. Huyu wenu mpya tunamuona tu barabarani." Bosi akafungua mfumo, akamwonyesha kwamba ametembelewa mara kumi na nne, yote kijani. Akamwambia kosa ni lake, alishauriwa akapuuza. Yule mama alinigeukia mimi, labda kwa sababu ni mwanamke mwenzake. Nikainamia makaratasi.

Mwezi uliopita nilishindwa kuvumilia, nikafunga safari hadi Bumula kumwambia Mzee Barasa ukweli. Nilimkuta analima sukuma wiki kando ya mto. Kabla sijafungua mdomo alimwita mkewe, "Njoo usalimie, huyu ndiye alinipigania Kitale." Kuku akachinjwa. Mkewe akaniwekea nyama nzuri nzuri na ugali wa wimbi, akasimama kuhakikisha nakula. Nilikula jamani. Nilikula nikamaliza, nikaaga, nikarudi na maneno yangu yote tumboni.

Bwanangu ananiambia ninyamaze, ati mfumo si wangu, ni wa kampuni, na watoto wanataka karo. Wiki ijayo natumwa Bungoma kufundisha maafisa wa huko huo huo mfumo, kwa sababu bosi anasema upande wangu ndio umefanya vizuri zaidi.

Sasa jana Mzee Barasa amenipigia. Kuna shirika la wakulima Bungoma linataka mtu wa kukagua mashamba, na wameomba barua kutoka kwa aliyemsimamia. Ameniambia, "Mayi, usinipambe. Andika tu ukweli." Nikiandika ukweli kwamba hakuna afisa kama yeye, hiyo barua itapingana na ile ripoti iliyomfuta, na zote mbili ziko na sahihi yangu. Nikikataa, atauliza kwa nini.

Sitaki mnipake mafuta, nitukaneni kama inafaa. Lakini mniambie barua ya kwanza ya ukweli nimwandikie nani: wale wa shirika la Bungoma, bosi wangu, ama Papa mwenyewe? Kalamu iko mkononi na sijui niianzishe wapi.