Mshenga wa Tovuti ya Mama Mkwe

Kipindi kile, kila asubuhi kabla sijanywa chai, nilikuwa natafuta sabuni kwenye simu. Naandika "sabuni ya mwani Bagamoyo", nabonyeza, halafu nashuka taratibu. Zinakuja sabuni za nje. Zinakuja makala za watu waliopita Unguja kwa siku chache wakarudi kwao wakiwa mabingwa wa mwani. Linakuja tangazo la hoteli. Nafungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Sabuni ya mama mkwe wangu, inayopikwa Mlingotini, karibu tu na hapo nilipolala, haimo. Mke wangu ananiangalia na kucheka.

"Bado haijaamka?" ananiuliza.

Naiweka simu chini kwa hasira kana kwamba yenyewe ndiyo iliyonitukana.

Alicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mke wangu aliacha kazi ya ofisini Dar ili amsaidie mama yake kuuza. Mama yake na wanawake wenzake wanalima mwani pale pwani, wanaukausha, wanausaga, wanapika sabuni na mafuta ya kupaka. Kwa muda mrefu walikuwa na mnunuzi mmoja mkubwa, mwenye hoteli, aliyechukua karibu kila walichotengeneza. Hoteli ikauzwa, wamiliki wapya wakaja na sabuni zao. Za akina mama zikabaki kwenye maboksi, mengine yakaja kulala chini ya kitanda chetu, na nyumba nzima ikawa inanukia karafuu. Ndipo ikaja simu kutoka Dodoma. Bosi wa zamani wa mke wangu alikuwa amehamia huko, nafasi ipo, anamhitaji. Mke wangu hakukubali wala hakukataa, aliomba asubiriwe mpaka baada ya Idi. Mimi aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, huku anakuna nazi:

"Sabuni ikitoka, nipo. Isipotoka, naenda na mtoto. Wewe utakuja likizo."

Nilisema, "Sawa." Nikatoka uani nikasimama, nikawa sijui nimetokea kufanya nini. Mimi nina duka la stesheneri mjini Bagamoyo. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na pembeni natengeneza tovuti za nyumba za wageni na za shule. Wateja wangu wote wako hapa, nami siwezi kuwabeba kwenda Dodoma. Niliogopa, nasema kweli. Niliiona jioni ya nyumba isiyo na mtoto wa kunirukia mlangoni, nikaogopa zaidi.

Sasa, tovuti ya sabuni niliitengeneza mwenyewe, na kwa upande wa ufundi sikuona kasoro. Inafunguka haraka, inasomeka hata kwenye simu ndogo, picha zinang'aa. Tatizo lilikuwa maneno, na maneno yalikuwa ya mama mkwe.

Kwetu mkwe ni mkwe. Mama mkwe wangu simkazii macho tukizungumza, sikai naye mkeka mmoja, na akila mimi niko chumba kingine. Akikosea jina la mtu mbele yangu, basi mtu huyo amebadilishwa jina. Kwa hiyo alipomtolea binti yake maneno ya kuweka kwenye tovuti, mimi nilipokea na kuyaweka kama yalivyo. Ukurasa wa mbele ulisomeka hivi:

"Bismillahi. Assalaam alaykum nyote mnaopita hapa. Hamjambo? Watoto hawajambo? Wazee wenu tunawaamkia, shikamooni. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Karibuni kwetu. Sisi si watu wa kujisifu. Kitu chetu mnakijua, na asiyekijua atamuuliza anayekijua. Karibuni sana kwetu."

Neno sabuni halikuwamo. Mwani haukuwamo, wala Mlingotini, wala Bagamoyo. Na mashine ya kutafutia mtandaoni inafanya kazi kwa kusoma. Mtu akiandika "sabuni ya mwani", yenyewe inakwenda palipozungumzwa habari za sabuni ya mwani. Ikifika kwetu inakuta inaamkiwa, inaulizwa habari za watoto, inaitikia na kuendelea na safari yake. Lakini kwa mama mkwe, kutaja bidhaa kabla ya kuwajulia watu hali ni tabia ya mtu asiyefunzwa kwao.

Nilimsihi mke wangu amweleze.

"Mweleze wewe," akasema. "Si wewe ndiye fundi?"

"Mimi? Nimwambie mama yako maneno yake hayafai?"

"Nikimwambia mimi, atauliza nani kasema. Nimtaje nani?"

Mtu mmoja wa Dar, fundi mwenzangu wa tovuti, alinishauri nisihangaike na maneno. Atanipatia linki kwa mamia, yaani tovuti nyingine zitakazoitaja tovuti yetu na kuelekeza watu kwetu. Zikiwa nyingi, alisema, mashine itadhani ninyi ni watu maarufu. Nikamwomba anionyeshe mifano. Akanitumia tovuti za kubeti, ya dawa ya kuotesha ndevu, na ya mganga anayerudisha wapenzi waliokimbia. Nikamfikiria mama mkwe akitajwa na mganga wa mapenzi, nikafuta namba ya yule bwana. Hata bila aibu hiyo, nilijua mashine ikigundua ujanja wa linki za kununua inaweza kukushusha usionekane tena.

Wazo la mshenga lilinijia dukani, nikiwa natoa kopi ya cheti cha ndoa cha mteja. Aliyepeleka posa yangu Mlingotini alikuwa baba yangu mdogo. Na kwetu kazi ya mshenga haiishi siku ya harusi. Likitokea jambo kati ya wakwe, yeye ndiye anayerudi kusema yale ambayo wengine hawawezi kuyatamka. Nikafunga duka nikamfuata nyumbani kwake, nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza ameshika kidevu.

"Ni jambo la kumvunjia heshima?" akauliza.

"Hapana, baba. Ni kumwomba aanze na sabuni, salamu zifuate baadaye kidogo."

"Hilo ni zito," akasema. "Nitavaa kanzu."

Hapo ndipo tulipokosea, na wote wawili hatukuliona. Tulikwenda siku ya Ijumaa baada ya sala, kwa bajaji, bila kutoa taarifa. Mke wangu na mtoto walikuwa wametangulia tangu asubuhi kusaidia kupika sabuni. Mama mkwe alikuwa uani anageuza mwani juani. Akainua kichwa akamwona mshenga, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia, bakora mkononi. Nyuma yake niko mimi, nimeinamisha kichwa kama inavyompasa mkwe. Mwenye binti aliyeolewa akimwona mshenga anaingia namna ile bila kuitwa, anajua kaleta habari gani. Mwani ukamponyoka mikononi. Akakaa chini palepale mchangani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. Yule mama, anayeamkia hata watu wasioonekana kwenye tovuti, hakuitikia.

Baba mdogo ni mtu wa taratibu, akaanzia mbali. "Dada yangu, tumekuja kwa jambo la watoto wetu. Mlitupa binti, nasi tukampokea kwa furaha. Tumeishi kwa wema. Lakini limetokea neno moja kati yetu, tukaona si vizuri likae moyoni..."

"Mnamrudisha," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwanangu kafanya nini?"

Mke wangu alikuwa ametokea mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Hakumtazama mshenga, alinitazama mimi. Niliona usoni mwake kwamba na yeye ameamini.

"Sivyo!" nikapiga kelele, mimi ambaye mbele ya mama mkwe huwa nanong'ona. "Ni sabuni! Mama, ni sabuni tu! Tovuti haina neno sabuni!"

Jirani aliyekuwa akipita alisimama kusikiliza.

"Sabuni?" akauliza mama mkwe.

"Sabuni, mama. Wallahi."

Akaanza kucheka. Alicheka huku analia, ncha ya khanga machoni, wenzake wakaja mbio kuuliza kuna nini, naye akawa anaweza kusema jambo moja tu: "Mtu kanivalia kanzu kwa sababu ya sabuni!" Alimwambia baba mdogo kwamba nusura amuue kwa hofu, kisha akaamuru aletewe madafu. Nilikaa pale karibu, na nilipozinduka nikajikuta nimekaa mkeka mmoja na mama mkwe. Hakunifukuza, nami sikunyanyuka.

Siku ile angekubali chochote. Kama tungemwomba tovuti iandikwe kichwa chini miguu juu angesema sawa, maadam binti yake harudishwi. Lakini mshenga hakutaka kuondoka bila kufanya kazi iliyomleta, akapatanisha kwa heshima zote. Ikaamuliwa kwamba juu kabisa iandikwe sabuni ya mwani ya Mlingotini, Bagamoyo, na salamu zibaki chini, zote, bila kupunguzwa hata moja.

Nikaona nitumie bahati hiyo kueleza na habari ya linki. Nilieleza nikimtazama mke wangu, yeye akimgeukia mama yake, ingawa sote tulikuwa hatua moja. Nilisema mashine haiamini tu unachojisemea, inatazama pia akina nani wengine wanakutaja, na wanaokutaja ni watu gani.

"Kwa hiyo inaulizia kwa majirani," akasema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Kama nilivyotuma watu wakaulize kwenu kabla sijatoa binti."

"Ndiyo, mama."

"Waliniambia una hasira za karibu, lakini huna uongo."

Miaka yote hiyo sikuwa najua kama habari zangu ziliulizwa.

Kazi ilianza kesho yake. Mke wangu alikusanya maswali ambayo watu humuuliza kwenye simu. Inafaa kwa mtoto mchanga? Mbona haina povu jingi? Mwani unalimwaje? Mgeni anaweza kuja kuona? Kila swali likapewa ukurasa wake, na majibu yakawa ya mama mkwe kama anavyozungumza. Kumbe ukimwuliza kazi yake, kujisifu hakumo kabisa, anakueleza tu. Alieleza wanavyongoja bamvua, maji yanapokupwa mbali sana, waende kufunga mbegu kwenye kamba. Alieleza jinsi bahari ilivyopata joto mwani ukaoza mikononi mwao, wakalazimika kusogeza kamba kwenye maji marefu, na baadhi yao hawajui kuogelea. Aliposimulia hilo nilikuwa naandika, nikaacha kuandika. Mke wangu alizitafsiri kurasa zote kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni.

Linki nilizifuata kwa miguu. Nilikwenda kwenye nyumba za wageni nilizozitengenezea tovuti, kwa mtembeza wageni mmoja, kwa mwalimu mwenye tovuti ya shule. Niliwaomba waende kwanza Mlingotini wakaone, kisha waandike walichokiona, wasipokipenda waache. Mwalimu alipeleka darasa zima, watoto wakarudi wamelowa mpaka shingoni, lakini aliandika vizuri. Mgeni mmoja aliyewahi kukaa na akina mama wale, ambaye huandika habari za safari zake, alitutaja kwa maneno mazuri tuliyoyasoma kwa sauti jikoni.

Mtandao hauna haraka na shida za mtu. Ramadhani ilituingilia tukiwa ukurasa wa tatu. Katikati ya mfungo tulikuwa wa pili. Nilikuwa nafungua simu huku nimefunga, na nadhani nilipoteza thawabu nyingi kwa maneno niliyoyasema moyoni. Oda moja moja zilianza kuja, za watu wa Dar, za zawadi. Idi ikafika, tukala pilau, tukavaa, na mke wangu hakugusia Dodoma. Nami sikuuliza.

Siku chache baada ya Idi niliandika maneno yangu ya kila asubuhi, nikabonyeza. Tulikuwa wa kwanza. Chini ya tangazo la hoteli, sawa, lakini tangazo ni la kulipia. Nilirudia nikidhani simu inanidanganya. Kisha nikamkimbilia mke wangu nikampa simu.

"Najua," akasema. "Tangu jana najua. Nilikuwa nangoja uone mwenyewe."

Mwenye duka la vipodozi Arusha alikuwa amempigia. Alitafuta sabuni ya mwani, akatuona, akasoma kurasa zote hadi salamu za chini, na anataka mzigo kila mwezi. Kampuni ya kutembeza wageni ya Dar ilikuwa imeandika kuulizia siku ya kuleta watu kuona shamba. Mzigo wa kwanza wa Arusha mke wangu alikuwa ameshaufunga, uko sebuleni.

Alipiga simu Dodoma mbele yangu. Alimwamkia bosi wake, akamuulizia familia, akamshukuru kwa kumkumbuka, akasema kwa adabu nyingi kwamba hatakwenda. Alipokata simu nilishusha pumzi ambayo nadhani niliishikilia tangu ile siku ya nazi. Nikatafuta pa kukaa nikakaa.

"Hukuniambia hata siku moja nisiende," akasema.

"Si nilikuwa nahangaika na tovuti?"

"Tovuti niliiona. Nilikuwa nangoja useme."

Nikamwambia basi, mambo yameshakwisha na simu imeshakatwa: usiende. Alijifuta macho kwa mtandio, kisha akaniambia ninyanyuke, nimekalia mzigo wa watu.