Mama na Taa Isiyokuwa Yake

Mama yangu alifanya kazi miaka mingi kwa bibi mmoja wa Denmark aliyekuwa na nyumba Utende, huku kisiwani Mafia. Alimpikia, alimfulia, na kila Alhamisi alimsugulia taa yake kwa limau na majivu. Ilikuwa taa ya kusimama, ya shaba, ndefu kumpita mama, na kofia yake nyeupe imeinama kama mtu anayesoma. Yule bibi alisema mumewe alimnunulia walipooana, akaja nayo Mafia kwa sababu hakuweza kusoma bila mwanga wake.

Uzee ulipomzidi alirudi kwao, akaondoka na taa yake, akafariki huko. Mwaka jana binti yake aliniandikia kwenye simu kwamba mama yake aliacha wosia: ile taa iliyokuwa Mafia apewe mama yangu.

Taa ilivuka bahari kutoka Nyamisati ndani ya boksi refu, nikaipokea Kilindoni, nikaileta kwetu Baleni kwa bajaji, nusu yake imetokeza nje. Tulipoifungua, plagi yake ilikuwa ya miguu miwili ya mviringo, ikabidi nisukume tundu la juu la soketi kwa kijiti cha kiberiti ndipo iingie. Ikawaka. Sebule yetu, yenye makuti yaliyorundikwa kona moja, ikawa kama nyumba ya watu wengine.

Mama aliizunguka mara mbili, akapitisha kiganja chini kwenye kitako.

"Hii siyo," akasema.

"Siyo nini, mama?"

"Siyo ile taa."

Nilicheka kidogo. Kwa miezi kadhaa mama alikuwa akitia chumvi katika chai, na mara mbili aliniuliza kama baba amesharudi kutoka shamba. Baba tulimzika nikiwa darasa la sita. Nikajua ni yale yale.

"Mama, ni ile ile. Wameituma wenyewe."

"Ile imebonyea hapa," akasema, akigonga kitako kwa kidole. "Uliiangusha wewe. Ulikuwa unamkimbiza paka. Nikamwambia bibi ni mimi niliyeigonga kwa fagio."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli. Sikumbuki paka. Utende nilikwenda na mama siku za likizo, nakumbuka sakafu ya bibi ya baridi na maji ya friji, lakini kuangusha taa ya mzungu, jambo ambalo lingemtia mtoto yeyote hofu ya mwaka mzima, sikumbuki kabisa. Nikainama, nikapapasa kitako chote. Kilikuwa laini kama sahani.

Wiki nzima sikutulia. Mimi ni mwalimu. Nimezoea kuamua nani amekosea. Darasani nilijikuta nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, najiuliza kama mama amejitungia paka au mimi ndiye niliyemsahau. Nyumbani mama aliipita taa bila kuitazama, kama mgeni asiyemjua. Nilipoiwasha aliniambia niizime, tusitumie kitu cha watu.

Mwishowe nikamwandikia yule binti. Sikumuuliza moja kwa moja. Nilimshukuru, nikasema mama anaulizia ile alama iliyobonyea chini. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akanipigia.

"Mama yako ameiona?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshikwa.

Akanieleza kwamba taa zilikuwa mbili, pacha, zilinunuliwa pamoja. Moja ilibaki Denmark, nyingine ilikaa Mafia. Mama yake alipougua, ile ya Mafia ndiyo iliyosimama kando ya kitanda chake mpaka siku ya mwisho. Ulipofika wakati wa kuituma, yeye binti akashindwa kuachana nayo. Akatuma pacha wake.

"Sikudhani kuna mtu atajua," akasema. "Nitaituma. Nisamehe."

Nikamuuliza kama anajua nani aliibonyeza.

"Mama alisema ni mtoto wa dada aliyefanya kazi kwake. Alisema yule dada alimdanganya kuwa ni fagio, naye akajifanya ameamini."

Nilikaa na simu mkononi hata baada ya kukata. Kumbe watu watatu walijua, na mimi niliyefanya ndiye sikujua.

Nilimkuta mama uani anakuna nazi. Nikamweleza yote polepole: pacha, kitanda, yule binti kuomba radhi, na kwamba taa yake italetwa.

Akaacha kukuna.

"Alikuwa akiitazama huyo bibi alipokuwa anakufa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi mwachie mwanawe. Kwangu mimi ya nini? Mwambie asiitume."

Nikaona haya. Niliomba radhi kwa kumdhania kuwa amepotewa na akili, kwa kucheka siku ile. Yeye akanitazama kwa upole, kwa utulivu wa mtu asiye na wasiwasi hata chembe, akanisogezea kifuu chenye nazi aliyoikuna.

"Usijali, dada," akasema, na akaniita kwa jina la mama mkubwa, dada yake aliyefariki kabla sijazaliwa. "Kaniletee kung'uto, tuchuje tui, wanaume watarudi na njaa."

Nilisimama pale nisijue nimsahihishe au nimwache. Kisha nikaitika, nikaenda kuleta kung'uto.