Titani kwa Bega la Verna

Kibali kilifika mwezi wa sita, na tangu siku hiyo Verna Halvorsen hakulala akashiba usingizi. Miaka ishirini na mitatu alikuwa akiomba kumwinda mbuzi wa milimani, yule mweupe anayeishi kwenye majabali juu ya Bonde la Bitterroot, na kila mwaka bahati nasibu ya serikali ilimruka. Sasa ana miaka sitini na mmoja na bega lililopasuliwa mara mbili, ndipo jina lake likatoka. Mumewe, Wendell, alipiga vigelegele kama mwanamke. Verna alijifungia bafuni akasema, "Ee Bwana, mbona sasa?"

Mlima haukumtisha. Kilichomtisha ni kisa cha miaka mitatu nyuma. Siku hiyo alibeba bunduki yake ya ratili tisa tangu alfajiri, bega likafa ganzi, na alipomfyatulia kulungu risasi ikaenda kombo. Mnyama aliondoka na jeraha lake. Walimtafuta siku mbili wasimpate. Verna alitoboa kibali chake, alama ya kwamba kimetumika, kana kwamba amechukua nyama, maana ndivyo wafanyavyo waungwana wa kule, akarudi nyumbani mikono mitupu. Hakuna aliyemlaumu. Lakini kila alipofumba macho kusali, alimwona yule mnyama akichechemea kwenye misonobari.

Basi Jumamosi moja asubuhi walikuwa kwa Orrin Stubbs, fundi bunduki wanayesali naye kanisa moja, ili amuundie Verna bunduki nyepesi. Orrin aliweka mezani vitu viwili vinavyofanana kama mapacha. Kila kimoja kilikuwa kiini cha bunduki, ile sehemu ya kati ambayo komeo, kile chuma cha kusukumia risasi, huingia nyuma na mtutu hufungwa mbele.

"Shika, dada. Hiki cha chuma, hiki cha titani, metali nyepesi kuliko chuma."

Verna alishika. Cha titani kilikuwa chepesi mpaka akakitilia shaka.

"Hiki si kitu cha kuchezea watoto?"

"Kinakupunguzia zaidi ya nusu ratili. Ila bunduki nyepesi ina tabia zake, inapiga teke na inayumba ukihema. Kwa hiyo nitakuwekea mtutu mnene kidogo, itulie kwa mbele."

Wendell alicheka pembeni. "Nusu ratili! Na mkobani ana chupa ya kahawa, keki nzima, na Biblia ya bibi yake!"

"Biblia haina uzito, Wendell."

"Liambie hilo bega lako, mama."

Orrin hakucheka. "Verna, lazima uamue leo kabla ya saa sita mchana. Kwa mwenye kiwanda kimebaki kimoja tu. Vingine vitakuja theluji ikishaanguka, na msimu wa mbuzi wako unafunguliwa mwezi wa tisa."

Orrin akampa bunduki yake mwenyewe, iliyoundwa kwa kiini cha titani, apande nayo kilima cha nyuma akajaribu. Alipokuwa akimngoja fundi atafute risasi, Verna alitoa komeo, akalifuta kwa kitambaa, akalirudisha. Baba yake alikuwa mfugaji, na alimlea hivyo: kule baridi hugandisha mafuta yakawa kama uji, basi komeo lisafishwe likauke.

Akapanda. Alifika juu akihema, na bega halikuuma. Hilo lilimshangaza. Akalala kifudifudi, akangoja pumzi itulie, akafyatua. Sahani ya chuma ya kulengea shabaha, ng'ambo ya bonde, ikalia ngaa!

Akavuta komeo apakie tena. Likaja kwa taabu, likikwaruza kama lina mchanga. Akalisukuma. Likafika nusu, likagoma.

Mtutu bado ulielekea ng'ambo, lakini machoni hakuona sahani tena. Alimwona mbuzi mweupe ana damu ubavuni, anapotelea kwenye mawe, na yeye risasi ya pili imemkwamia mikononi.

"Orrin! Imekwama! Orrin!"

Fundi alikuja mbio, kitambi kikitangulia. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu! Nimeifuta tu."

"Umefuta nini?"

"Grisi. Yote."

Orrin akaketi kwenye majani, akashika kichwa. "Nyinyi watoto wa wafugaji mtaniua kabla ya siku zangu! Chuma kinavumilia ukavu. Titani ikisuguliwa bila mafuta inang'ang'ania na kujichubua."

"Nimeiharibu?"

Orrin alilitoa komeo polepole, akalikagua juani. "Mkwaruzo wa paka. Itapona." Akatia grisi kidogo, kiasi cha punje ya ngano, nyuma ya masikio ya komeo, yale meno yanayolifunga ndani ya kiini. "Sasa vuta, bila risasi."

Likateleza. Verna alivuta na kusukuma, akavuta na kusukuma, mpaka akafika mara arobaini.

"Unasuka maziwa?" Wendell aliuliza, naye amefika juu. Mkewe alimgeukia Orrin.

"Grisi hii haigandi?"

"Mwezi wa tisa haigandi."

"Na nikisahau? Mikono yangu ina miaka hamsini ya kufuta."

Orrin alikuna shingo. "Hapo sina la kukuahidi, dada. Ukisahau, itakukwama."

Verna alimshukuru moyoni kwa kutomdanganya. Alitazama vidole vyake, kisha akaligusa bega. Vidole vingeweza kufundishwa upya. Bega lilishajifunza lote litakalojifunza.

"Agiza," alisema.

Orrin alishuka kupiga simu. Verna alimfuata, akasimama mlangoni amefumbata mikono kwa nguvu asije akamwita arudi. Alisikia jina lake likitajwa herufi kwa herufi, kisha simu ikawekwa.

"Kimeshakuwa chako."

Verna akaketi, akafumba macho kusali. Hakuomba apate mbuzi. Aliomba mnyama asiteseke, na kama yeye atakosea, risasi ya pili isichelewe. Alipomaliza alimwomba Orrin ampe tena ile bunduki, na kile kikopo cha grisi.

"Leo tena?"

"Leo tena, kaka. Miezi mitatu ni michache kuvifundisha vidole hivi."