Swali la Mstari wa Nne

Nilikuwa karani hodari. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mtu ameharibu kazi hudhani alikuwa mzembe, na mimi sikuwa mzembe hata siku moja. Mwandiko wangu ulisomeka. Fomu zangu hazikuwa na mikunjo. Mwenzangu akimaliza fomu tatu, mimi nilikuwa nimemaliza sita na ninamtazama kwa huruma. Ningekuwa mvivu, pengine ningeharibu kidogo.

Mradi wetu ulikuwa mdogo, vyumba viwili vya kukodi hapa Eldoret, na ulishafungwa. Kazi yake ilikuwa kuwahesabu watoto wenye aina moja ya uvimbe wa ubongo, ule unaoota kwenye shina la ubongo, mahali ambapo kisu cha daktari hakithubutu kufika. Ni ugonjwa adimu. Huanza na mambo ambayo mzazi hawezi kuyatilia maanani: jicho moja linageukia ndani, mtoto anajikwaa pasipo na kitu, akicheka mdomo unaenda upande. Mwalimu anasema ni utundu. Duka la dawa linauza dawa ya malaria. Mwingine anapewa miwani. Kufikia siku ile kichwa kinapigwa picha, kilichobaki ni tiba ya miale ya kumpunguzia mateso, na miezi michache.

Unaletwa na nini, hakuna ajuaye. Ndiyo sababu tulihesabu. Daktari wetu, mwanamke mpole niliyemzidi umri kwa mbali na ambaye aliniita madam, alinieleza siku ya kwanza kwamba ni hesabu ya kugawanya tu: juu unaweka watoto waliougua wa mahali fulani, chini unaweka watoto wote wanaoishi hapo. Ukipata jibu la kila mahali unalinganisha, na pengine utaona mahali panapostahili kuchunguzwa.

"Malaria ukikosa watu kumi, hesabu haitingiki," aliniambia. "Hii, madam, ukikosa mtoto mmoja umekosa kitu kikubwa sana."

Niliitikia kwa kichwa. Niliona ananifundisha kazi ninayoijua.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na wazazi wengi niliwahoji kwa Kiswahili, kwenye mabenchi ya kliniki mbalimbali. Mstari wa nne ulitaka mahali mtoto anapoishi siku zote. Hakuna aliyeniambia niutafsiri vipi. Niliutafsiri jinsi ulivyonijia mdomoni: "Nyumbani ni wapi?"

Msomaji wa huku kwetu ameshaliona kosa. Kwetu nyumbani si mahali unapolala. Nyumbani ni kwa babu, ni mahali jeneza lako litapelekwa. Mtu amezaliwa Turbo, hapa jirani, amesomea Turbo, ana watoto na ng'ombe Turbo. Muulize nyumbani ni wapi, atakujibu Kakamega bila kupepesa macho. Mimi mwenyewe nimezaliwa Kimumu na naishi Kimumu, na mtu akiniuliza namwambia Vihiga, ambako nimelala siku za kuhesabika, zote za matanga. Nyani haoni kundule. Niliwauliza wazazi, wakanijibu ukweli mtupu, nikaandika, na watoto wa Turbo, wa Moi's Bridge na wa hapa mjini wakaenda kuhesabiwa mahali ambapo wengine wao hawakuwahi kukanyaga.

Kuna mama mmoja ambaye nikimkumbuka natamani ardhi inimeze. Alikuja na binti yake wa miaka saba, amevaa sweta ya shule, jicho moja limezibwa kwa pamba ili asione vitu viwili viwili. Nilimuuliza maswali matatu ya kwanza akajibu vizuri. Nikamuuliza nyumbani ni wapi. Aliitazama fomu, akanitazama mimi.

"Nyeri," alisema kwa sauti ya chini.

Mtoto akamgeukia. "Nyeri ni wapi, mami?"

Mama alimwekea mkono gotini, asiseme zaidi. Mimi nikacheka. Nilisema kwa sauti, benchi zima lisikie, "Mtoto mkubwa hivi hajui kwao? Mama, hawa watoto mtawapoteza." Wawili watatu walicheka pamoja nami. Mama naye alicheka, kicheko kile cha mtu anayeomba umalize uende zako. Nikaandika Nyeri kwa mwandiko wangu mzuri, nikafungua fomu nyingine.

Baada ya miezi kadhaa daktari alibandika ramani ukutani na kuanza kuchomeka pini, kila pini mtoto mmoja. Kakamega ilikuwa na pini, Vihiga ilikuwa nazo, na Nyeri nayo. Huku kwetu palibaki karibu peupe. Alisimama mbele ya ramani muda mrefu, kisha akaenda kwenye kabati akatoa faili moja.

"Madam, huyu umemwandika Nyeri. Lakini barua ya rufaa imetoka kliniki ya Moi's Bridge, na hapa wamesema anasoma huko. Sasa ni wapi?"

Nilijua papo hapo. Sikuhitaji kufikiri, nililisikia swali langu masikioni kama mtu mwingine ndiye anayeliuliza, nikaona jinsi lilivyokuwa la kijinga. Kilichofuata sikukipanga, lakini nilikisema, na nilikisema haraka.

"Daktari, hawa wazazi hudanganya. Unajua watu. Wanaogopa ofisi."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa mtu mzima, na kazi yangu ilikuwa safi. Alisema basi itabidi wote waulizwe upya, na kwa kuwa mimi ndiye ninayewafahamu, nifanye hivyo. Nilisema sawa, tena kwa uso wa mtu anayebebeshwa makosa ya wengine.

Wengi niliwapata kwa simu. Safari hii niliuliza, "Mtoto alikuwa analala wapi kila siku?" na majibu yakaja bila shida, mmoja baada ya mwingine, yote ya hapa karibu. Nilikuwa nasahihisha huku nimeinamisha kichwa ingawa hakuna aliyekuwa ananiona. Simu ya mama wa Moi's Bridge haikupokelewa, kwa hiyo nilimwendea.

Ana duka la mbegu na mbolea, na nyumba iko nyuma ya duka. Alinitambua kabla sijasema neno. Kabla sijauliza mtoto anaendeleaje, alinionyesha kwa kidole kupitia mlango wa nyuma, ng'ambo ya kamba ya kuanikia nguo, mahali penye udongo ulioinuka na maua yaliyoanza kushika.

"Amelala hapo. Watu wa Nyeri walitaka tumpeleke kwao. Nikawauliza, huko atalala na nani anamjua?"

Nilimpa pole. Nikaketi kwenye gunia la mbolea alilonikaribisha, nikamweleza nilichokuja kufanya, nikazungukazunguka sana, mpaka mwenyewe akanikata.

"Dada, hiyo swali yako tulishaulizwa hapa, hapa kwa gate. Ule wakati wa fujo ya uchaguzi, tukifukuzwa. Na ni watu tulikuwa tunajua. 'Nyumbani ni wapi?' Tukakaa kwa kanisa miezi ndio turudi. Sasa wewe ukaniuliza hiyo hiyo, uko na kalamu, na mtoto wangu ni mgonjwa. Nikajua nikisema ni hapa, utaniambia si hapa. Nikasema Nyeri ndio amani iwe."

Kuuliza si ujinga, tulifundishwa shuleni, lakini mimi niliuliza kisha nikamcheka mtoto wake mbele ya watu.

"Na hii ugonjwa," aliuliza, "ni kitu ya hapa ilimshika? Ni hewa, ni hizi dawa za mahindi? Maana niko na huyu mwingine." Mtoto mdogo alikuwa ameshika sketi yake.

"Bado haijulikani, mama," nilimjibu. Ni kweli haijulikani, na haikuwa kwa sababu yangu peke yangu. Ila nilijua kwamba kama mtu angeitazama ramani yangu kutafuta jibu la mama huyu, asingemwona hapa hata binti yake.

"Sasa ataandikwa hapa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nimekuja."

Nikatoa fomu ya masahihisho. Alivuta kiti karibu, akavaa miwani ya kusomea. Alinitajia kijiji, shule na darasa, na kila nilipoandika alifuatisha kwa macho. Jina la mtoto alilitaja polepole, herufi kwa herufi, ingawa nilikuwa nalo. Mstari wa mwisho uliuliza sababu ya kusahihisha. Hapo kalamu yangu ikasimama. Nilijua sababu. Ilikuwa fupi, isingejaza hata nusu ya mstari: karani aliuliza vibaya. Nikamfikiria daktari akiisoma. Nikafikiria nilivyomwambia wazazi hudanganya.

Nikaandika, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba mzazi alitoa jibu lisilo sahihi.

Nilikuwa nimesahau kwamba anasoma. Au sikusahau, sijui, nimejiuliza mara nyingi. Aliusoma ule mstari mara mbili, kidole chake kikiwa chini ya maneno.

"Mimi nilijibu vile uliuliza," alisema.

"Ni maneno tu ya ofisi, mama."

Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Ikikaa hivyo, atahesabiwa?"

"Atahesabiwa."

Akachukua kalamu mkononi mwangu akatia sahihi, polepole, mpaka herufi ya mwisho. Kisha akaniuliza kama nitakunywa chai. Sikuweza kukataa, na sikuweza kumtazama. Nilikunywa vikombe viwili, fomu ikiwa imekunjwa mkobani, na niliporudi mjini niliiweka katika faili jinsi ilivyokuwa.