Swali la Jumamosi

Joash Wamboga huzima injini Ijumaa kabla jua halijazama, wala haiwashi tena mpaka jua la Jumamosi lizame. Ni Msabato, mzaliwa wa Bungoma aliyehamia Mafubira nje ya Jinja, na tangu ujana ameendesha malori ya kampuni moja ya usafirishaji. Sabato ikimkuta njiani, huacha barabara kuu na kuegesha uwanjani kwa kanisa lao huko Budondo. Mratibu wa zamani, Mzee Muhamad, alilijua hilo na akampangia safari za Jumapili. Mzee alipostaafu, nafasi yake ilichukuliwa na programu ya kompyuta.

Programu hiyo hufuatilia kila lori na kumpa kila dereva alama: ana hatari gani ya kuiba mafuta. Joash alipewa hatari ya juu, akanyang'anywa gari. Alipouliza sababu, akajibiwa kwamba kompyuta imeamua. Basi akarudi kwa mkewe, Nabalayo, akiwa mwizi asiyejua alichoiba.

Alipanda hadi Mbale, ofisi ya kampuni iliyoko Nabuyonga, akakutana na Docus, msichana wa takwimu. Docus alikuwa ameagizwa kutafuta njia ya kueleza maamuzi ya programu. Alikusanya maamuzi yake mengi ya nyuma, akayachorea mti: kila panapogawanyika pana swali moja, unajibu ndiyo au hapana, unashuka hadi kwenye uamuzi.

"Programu yenyewe mimi siwezi ona ndani, mzee," alimwambia. "Lakini hii mti inafuata vile inaamua, karibu kila mara."

Joash aliufuata kwa kidole. Gari lililala nje ya kituo? Ndiyo. Injini ilibaki imezimwa mchana uliofuata? Ndiyo. Ni Ijumaa kuamkia Jumamosi? Ndiyo. Hatari ya juu.

"Na mafuta inauliza wapi?"

"Tawi ile ingine. Wewe hapana fika huko."

Joash alicheka kidogo. "Kumbe mimi ni mwizi wa Sabato."

Meneja wao, Geresom, aliuona mchoro siku hiyo hiyo.

"Hiyo Jumamosi toa," alimwambia Docus. "Tukibandika hii, kanisa yote inakuja hapa na mawakili. Pogoa, dada."

Docus alimweleza kwamba hupogolewa matawi yaliyotokea kwa bahati tu, na hili lilikuwa limebeba madereva wengi. Kisha akalipogoa.

Mti uliobaki ulibandikwa ukutani kwenye yadi ya Jinja, umepakwa rangi, na juu yake maneno "Uwazi kwa Madereva". Soda zikagawiwa. Joash akainua mkono.

"Bosi Geresom, swali la Jumamosi limeenda wapi?"

"Lilikuwa linachanganya watu, bwana."

"Mimi halikunichanganya. Ndilo peke yake nililoelewa."

"Hamia kwetu, Joash," akadakia Ronnie, dereva mwenzake. "Sisi tunasali Jumapili, saa nne tumemaliza, Mungu anaenda kupumzika." Watu wakacheka, na Geresom akacheka kuliko wote.

Kompyuta haikujua Sabato ni nini. Geresom alijua, na Docus alijua, na bado karatasi ile ilipigwa picha ikapelekwa kwa wateja kama ushahidi wa haki.

Joash alikaa nyumbani bila gari. Kwa kuwa hakuegesha popote, programu ilimhesabu upya ikampa hatari ya chini. Geresom akapiga simu, sauti imejaa furaha.

"Umeona, bwana? Mashine haina chuki. Njoo chukua gari. Mzigo wa Mbale, unatoka Ijumaa jioni."

"Na wa Jumapili?"

"Wa Jumapili hakuna. Ukilala Budondo tena, unajua itasema nini."

"Itasema, ndiyo," Joash alijibu. "Na ninyi karatasi yenu haitasema kwa nini. Mpe Ronnie gari."

Akakata simu. Jumatatu yeye na Nabalayo, aliyesikia yote, walianza kutafuta kazi nyingine.